KUJIFUNZA KUTELEZA JUU YA BARAFU, HATUA KWA HATUA

Tangu shule ilipofunguliwa mwezi wa Januari nimeulizwa mara nyingi, bwenini na katika foleni ya uji, habari za mchezo wa kuteleza juu ya barafu. Wenzangu walipata kusikia kwamba likizo ya Desemba nilikwenda Nairobi kwa mjomba wangu, nikafundishwa mchezo huo kwa muda wa majuma matatu. Wengine huuliza kwa kutaka kujua, na wengine huuliza kwa kunicheka tu, maana mtu wa Kisarawe na barafu wapi na wapi. Mhariri wa gazeti letu amenishauri niandike mara moja, wote wasome, kuliko kumjibu mmoja mmoja. Nami nimekubali, kwa sababu katika mafundisho yale mna jambo moja ambalo lawahusu hata wale wasiotarajia kuiona barafu maishani mwao, hasa wenzetu wanaocheza na viatu vya magurudumu katika barabara za lami.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe. Mchezaji huvaa buti ngumu zenye kubana kifundo cha mguu. Chini ya kila buti limefungwa bapa la chuma, refu kama buti lenyewe, na unene wake ni kama milimita 4. Ukiligeuza bapa hilo na kulitazama kwa makini utaona kwamba halikunolewa kama kisu. Katikati yake mna mfereji mdogo unaokwenda toka mbele hata nyuma, na kwa hiyo bapa moja lina kingo mbili, ukingo wa ndani na ukingo wa nje. Msomaji azikumbuke kingo hizi mbili, maana elimu yote ya mchezo huu imo ndani yake.

Mchezo huu asili yake ni nchi za baridi, ambako maziwa na mito huganda wakati wa kipupwe. Zamani sana watu wa kaskazini ya Ulaya walifunga mifupa ya wanyama chini ya viatu vyao, wakapita juu ya maziwa yaliyoganda ili kufupisha safari. Nasi hapa Kibaha tuna udugu fulani na watu hao. Shirika la Elimu Kibaha lilianzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi nne, yaani Denmark, Ufini, Norway na Uswidi, likakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Nchi hizo ndizo zilizotoa baadhi ya wachezaji mashuhuri wa kuteleza, nami nitawataja huko mbele. Walituletea madarasa, hospitali na mafunzo ya ukulima, lakini barafu yao hawakuweza kuileta.

Hapa nchini kwetu barafu ya asili iko juu ya Mlima Kilimanjaro peke yake, nayo yapungua mwaka hata mwaka. Tangu mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ile imekwisha kuyeyuka. Kwa hiyo katika nchi za joto watu hutengeneza kiwanja cha barafu kwa mashine. Chini ya sakafu hupitishwa mabomba mengi yenye maji maalumu yasiyoganda upesi, yaliyopozwa kwa namna ile ile friji inavyopoza. Juu ya sakafu hunyunyizwa maji kidogo kidogo, tabaka baada ya tabaka, kila tabaka likiganda kabla ya kunyunyizwa jingine. Nairobi kiko kiwanja cha namna hiyo ndani ya Hoteli ya Panari, katika barabara ya kwenda Mombasa, kilichofunguliwa mwaka 2005. Hapo ndipo nilipojifunzia.

Sasa, kwa nini barafu huteleza? Wengi wetu tungejibu kwamba uzito wa mtu hukandamiza barafu, ikayeyuka chini ya chuma, na yale maji ndiyo yanayoteleza. Jibu hilo limo katika vitabu vingi, lakini tulipige hesabu. Mtu wa kilo 54 hukandamiza kwa nguvu ya niutoni 540 hivi. Bapa la sentimita 30 kwa sentimita 0.4 lina eneo la sentimita 12 za mraba. Basi kanieneo ni paskali 450,000, kama mara nne na nusu ya kanieneo ya hewa. Lakini ili barafu iyeyuke kwa nyuzi moja tu chini ya sifuri, yatakiwa kanieneo ya hewa mara 130 au zaidi. Hata tukisema kwamba bapa limepinda kidogo, na kwamba sehemu moja tu kati ya ishirini ndiyo inayogusa barafu, hatufiki hata nyuzi moja. Na barafu ya kiwanja huwekwa nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Uzito peke yake, basi, hautoshi. Wataalamu wasema kwamba uso wa barafu una utando mwembamba sana ambao haukuganda sawasawa kama barafu ya ndani, na tena msuguano wa chuma kinachopita huongeza joto na kuyeyusha kidogo. Kwa sababu hizo mbili chuma huserereka.

Baada ya hayo natoka katika somo la fizikia na kuingia katika mafundisho yenyewe. Waalimu wa mchezo huu wamepanga mafunzo kwa daraja, kama sisi tulivyopangiwa vidato. Marekani, kwa mfano, wana daraja 6 za msingi, na mtu hapandi daraja mpaka aonyeshe kwamba yaliyomo ameyaweza. Mimi nitayapanga kwa hatua nane, kama nilivyofundishwa.

HATUA YA KWANZA: KUANGUKA NA KUINUKA

Siku ya kwanza tulikuwa wanafunzi sita, watu wazima wawili na vijana wanne. Nilidhani mwalimu atatushika mikono na kutuvuta. La, alitukalisha chini. Nilimwuliza, "Mwalimu, tutaanza lini kuteleza?" Akanijibu, "Kuteleza kutakuja kwenyewe, kijana. Leo tunajifunza kuanguka."

Mtu anayeteleza bila kufundishwa hunyosha mkono nyuma au mbele ili ajikinge na ardhi. Hapo uzito wa mwili wote huangukia kiganja kimoja, na kifundo cha mkono huvunjika. Mtu aliyefundishwa, akijiona anakwenda chini, hukunja magoti upesi ili awe karibu na barafu, huvuta mikono kifuani, hufumba ngumi ili vidole visikanyagwe na chuma cha mwingine, kisha huanguka kwa ubavu, juu ya paja na tako, penye nyama. Kuinuka nako kuna utaratibu wake. Kwanza hukaa kwa magoti na mikono kama mtoto atambaaye, kisha huweka mguu mmoja mbele, huweka mikono miwili juu ya goti la mguu huo, kisha husimama pole pole.

Tulirudia kuanguka na kuinuka mpaka nguo zikalowa. Baadaye nilipata kuona kwamba hata katika zile daraja za Wamarekani, jambo la kwanza kabisa katika daraja la kwanza ni kukaa chini juu ya barafu na kuinuka.

Hapa sina budi kueleza kwa nini somo hili lilinigusa kuliko wenzangu. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa darasa la saba huko kwetu Kisarawe. Baba yake alimnunulia viatu vya magurudumu vya mtumba kutoka Dar es Salaam. Kama mjuavyo, mji wa Kisarawe uko juu ya vilima, na barabara zake zina miteremko ambayo watoto huipenda sana. Tangu zamani huteremka kwa vigari vya mbao vyenye beringi. Mdogo wangu alivivaa viatu vile siku ya tatu tu tangu kuvipata, akajitosa mteremkoni. Hakujua kusimama, wala hakujua kuanguka. Alinyosha mkono wa kulia, ukavunjika kifundo. Akafungwa plasta, ile ambayo wenyewe twaiita hogo, na juma la mtihani wa kumaliza elimu ya msingi likamkuta angali nayo. Alisiliba majibu kwa mkono wa kushoto. Mtihani wa hisabati, somo alilolipenda kuliko yote, hakuumaliza. Alifaulu, lakini shule ya bweni aliyoitamani hakuipata.

Kila nilipokuwa nikikaa chini na kuinuka kwenye barafu ile nilikuwa nikimfikiri yeye. Somo la dakika arobaini lingalimtosha.

HATUA YA PILI: KUSIMAMA NA KUTEMBEA

Barafuni huwezi kutembea kama njiani. Ukikanyaga kwa kisigino na kusukuma kwa vidole, mguu wakimbilia nyuma nawe waenda kifudifudi. Magoti hukunjwa kidogo, kiasi cha kufunika vidole vya miguu ukitazama chini. Mikono huwekwa mbele kidogo, usawa wa kiuno, kana kwamba umeshika sinia. Visigino hukaribiana, na vidole hutazama nje kidogo. Kisha unanyanyua mguu mmoja na kuutua, na wa pili hali kadhalika, kama askari anayepiga gwaride mahali pamoja. Baada ya hatua chache utastaajabu kuona kwamba umesogea.

Jambo gumu ni macho. Kila mwanafunzi mpya hutazama miguu yake. Kichwa ni kizito, na kichwa kikiinama mwili hukifuata. Mwalimu alituamuru kutazama saa iliyokuwa ukutani upande wa pili. Nami naliijua sana saa ile.

HATUA YA TATU: KUSEREREKA KWA MIGUU MIWILI

Baada ya kutembea hatua tano au sita, mtu huacha kunyanyua miguu, akaiweka sambamba na kuacha mwendo umchukue. Huko ndiko kuserereka. Mara ya kwanza ni mita moja, kisha mbili, kisha tano. Ndipo hufundishwa mchoro unaoitwa samaki. Visigino hukutana, vidole hufunguka, miguu huachana mpaka upana wa mabega, kisha vidole hukutana tena mbele. Alama ibakiayo juu ya barafu ina umbo la samaki. Ukirudia, samaki wanafuatana mkia kwa kichwa, nawe waendelea mbele bila kunyanyua mguu hata mara moja.

Katika zoezi hili mtu hupata kuhisi kingo kwa mara ya kwanza. Ukiisukuma miguu nje, ukingo wa ndani ndio unaouma barafu na kukupa msukumo. Chuma kikilala sawasawa hakiumi wala hakisukumi.

HATUA YA NNE: KUSIMAMA

Nimeiweka hatua hii katikati, lakini kwa haki ni dada wa hatua ya kwanza, na walimu wengi huianza siku ile ile ya kwanza. Mwendo wowote ambao huwezi kuukomesha si wako, ni wa mteremko au wa sakafu. Namna nyepesi ni kufagia. Magoti yakiwa yamekunjwa, vidole huelekezwa ndani na visigino husukumwa nje, ili mabapa yakwaruze barafu kwa ubavu. Vumbi jeupe la barafu hukusanyika mbele ya chuma, mwendo ukafa. Waliobobea husimama kwa kugeuza miguu yote miwili upande kwa ghafula, kama wanavyofanya wachezaji wa mpira wa magongo wa barafuni, na vumbi lile huruka juu hata magotini.

Kanuni ya mwalimu wetu ilikuwa kwamba asiyeweza kusimama penye mstari uliochorwa asiongeze mwendo hata kidogo. Kijana mmoja, mwepesi kuliko sisi sote, alizuiliwa hapo siku tatu. Alinung'unika, lakini siku ya nne alisimama juu ya mstari kama msumari.

HATUA YA TANO: MGUU MMOJA

Sasa mtu husukuma kwa mguu mmoja na kuserereka kwa mwingine, akiunyanyua ule wa kwanza. Yatakiwa akae juu ya mguu mmoja kwa umbali unaolingana na urefu wake mwenyewe, kisha mara mbili, kisha zaidi.

Wazee wetu wasema kwamba mwenda pole hajikwai. Methali hii ni ya kweli kwa mwenda kwa miguu, lakini katika hatua hii mwenda pole mno ndiye anayeyumba na kuanguka. Ni kama baiskeli, ambayo ikisimama huanguka, na ikipata mwendo husimama yenyewe. Nimeifikiri sana methali ile, nikaona kwamba upole wake si wa magurudumu wala wa chuma, ni wa kupanda daraja. Mtu aende kasi ndani ya hatua aliyoiweza, na awe mpole katika kuiendea ile asiyoiweza.

HATUA YA SITA: KURUDI NYUMA NA KUPISHANISHA MIGUU

Kwenda kinyumenyume huogofya, kwa sababu mtu haoni aendako. Huanzwa kwa kutikisa nyonga huku na huku, kisha kwa samaki wale wale, wakichorwa toka vidoleni kwenda visiginoni. Kabla ya kuanza ni lazima kutazama nyuma juu ya bega, kama dereva wa gari anayerudi nyuma sokoni.

Kupishanisha miguu ni kwa ajili ya kukata kona. Mchezaji anayezunguka duara huegemea ndani ya duara, kisha mguu wa nje huvushwa juu ya mguu wa ndani na kutuliwa, na ule wa ndani husukuma chini yake. Asiyeegemea hutupwa nje, kama abiria wa basi penye kona kali. Anayeegemea bila mwendo huanguka ndani. Mwegemo na mwendo vyapaswa kulingana, na hesabu hiyo hufanywa na mwili wenyewe baada ya kurudia mara nyingi.

Mimi niliishia hapa. Katika majuma matatu nilifika kupishanisha miguu kwa upande wa kushoto, na upande wa kulia nilikuwa naanza. Hatua mbili za mwisho nilizitazama zikifanywa na wenzangu waliotangulia, nikaelezwa.

HATUA YA SABA: MGEUKO WA TATU

Huu ni mgeuko wa mguu mmoja. Mchezaji huserereka mbele juu ya ukingo wa nje akichora nusu duara. Kwa kuzungusha mabega hugeuka ghafula, akaendelea kinyumenyume juu ya ukingo wa ndani wa mguu ule ule. Alama inayobaki barafuni ni tarakimu 3, nayo ndiyo iliyoupa mgeuko jina lake. Mwalimu anaweza kumkagua mwanafunzi hata kama hakumwona akigeuka. Huenda akainama na kusoma barafu, maana kila ukingo umeandika mwendo wake, na kama mguu ulitikisika hapo napo paonekana.

HATUA YA NANE: KUZUNGUKA NA KURUKA

Katika kuzunguka, mchezaji hufanana na pia la watoto. Huanza polepole akiwa amefungua mikono. Akiivuta mikono kifuani huongeza kasi mpaka uso wake hauonekani vema. Hakuongezewa nguvu na mtu. Uzito uliokuwa mbali umeletwa karibu na kitovu cha mzunguko, na mzunguko hauna budi kwenda mbio zaidi. Akitaka kupunguza kasi hufungua mikono tena.

Miruko nayo ina ngazi zake, na hapa ndipo nitakapowataja wale ndugu wa kaskazini. Mruko mmojawapo umeitwa kwa jina la Ulrich Salchow wa Uswidi, aliyeufanya mwaka 1909. Bwana huyo alikuwa bingwa wa dunia mara 10, akapata dhahabu katika michezo ya Olimpiki mwaka 1908. Mruko ulio mgumu kupita yote waitwa kwa jina la Axel Paulsen wa Norway, aliyeufanya mwaka 1882. Ugumu wake ni kwamba mchezaji huruka akitazama mbele na hutua akitazama nyuma, kama miruko yote inavyotua, na kwa hiyo huongezeka nusu mzunguko. Mruko mmoja wa Axel ni mzunguko mmoja na nusu. Ilipita miaka 140 mpaka mtu akaweza kuufanya mara nne katika mashindano, yaani mizunguko minne na nusu hewani. Alikuwa Ilia Malinin, kijana wa Marekani, mwaka 2022. Nchi ya Paulsen ilimtoa pia Sonja Henie, aliyepata dhahabu za Olimpiki mara tatu mfululizo, miaka ya 1928, 1932 na 1936.

Lakini yule mwenye mizunguko minne na nusu, akikosea hewani, huokolewa na nini? Huokolewa na lile somo la siku ya kwanza. Hukunja magoti na kuanguka kwa ubavu, kisha huinuka na kuendelea kabla muziki haujamwacha. Niliwaona waliokuwa hatua ya nane pale Nairobi. Walianguka mara nyingi kuliko sisi wa hatua ya pili, na hakuna aliyeumia.

WENZETU WA KENYA

Msomaji asidhani kwamba habari hizi ni za Wazungu peke yao. Nairobi iko timu ya mpira wa magongo wa barafuni iitwayo Ice Lions, yaani Simba wa Barafuni. Wengi wao walianza kwa viatu vya magurudumu katika barabara na viwanja vya mji, ndipo wakaingia barafuni. Kwa muda mrefu hawakuwa na timu ya kushindana nayo, wakajigawa na kucheza wao kwa wao. Mwaka 2018 walialikwa Kanada, wakavaa sare kamili na kucheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, walio miongoni mwa wachezaji wakubwa wa mchezo huo. Na mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la mchezo huo.

Nawataja kwa sababu ya ile njia yao. Walitoka kwenye magurudumu wakaenda kwenye barafu, na mengi waliyokuwa nayo miguuni yaliwafaa. Kuanguka ni kule kule, magoti ni yale yale, mwegemo ni ule ule, na kupishanisha miguu ni kule kule. Kinachobadilika sana ni kusimama. Magurudumu hayafagii lami kama bapa lifagiavyo barafu, na ndiyo maana viatu vingi vya magurudumu vina kipande cha mpira, ama kisiginoni ama mbele ya vidole. Anayenunua viatu vya mtumba akitazame kipande hicho kabla ya kutoa fedha yake. Mara nyingi kimekwisha kulika, au kimeng'olewa, na anayevivaa hana breki.

Niliporudi Kisarawe mwishoni mwa Desemba nilimwendea mdogo wangu. Mkono wake ulikuwa umepona, lakini viatu alikuwa amevitia katika gunia na kuvitupa darini. Alikataa kuvivaa. Sikumlazimisha. Nilimwambia tuanze bila viatu, penye majani, tujifunze kuanguka tu. Tulianguka nyuma ya nyumba siku mbili, na mama mdogo alipita akatutazama asiseme neno. Siku ya tatu aliuliza mwenyewe kipande cha mpira chapatikana wapi. Tulikata kimoja kutoka tairi kuukuu la gari na kukifunga kwa skrubu. Nilipoondoka kurudi shuleni alikuwa hatua ya nne, penye uwanja tambarare, akisimama mara saba katika kumi. Mteremko hajaugusa, na ameniahidi kwamba hataugusa kabla ya kupata kumi katika kumi.

Hapa shuleni nimehesabu wenzetu kumi na wawili wenye viatu vya magurudumu au wanaoazimana. Mwalimu wa michezo ametupa ruhusa ya kutumia kiwanja cha saruji kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, kwa sharti kwamba mafunzo yafuate utaratibu na kila mtu afunge vifundo na magoti kwa kitambaa kinene. Utaratibu ndio huo nilioueleza, mpaka hatua ya sita. Kila hatua itakaguliwa na wanafunzi wawili walioivuka, nao wataandika katika daftari. Kidato cha Nne tutaondoka mwezi wa Novemba, na daftari litabaki na Kidato cha Tatu.

Anayetaka aje Jumamosi. Asije na haraka, na aje na suruali kuukuu, kwa kuwa saa nzima ya kwanza itakuwa ni ya kuanguka.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV